Waliosikiliza anga Tunguu, nani atawasikiliza wao?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumezoea kuisikia dukani, kwenye chama cha akina mama na katika mikutano ya ushirika, pale mweka hazina anaposhindwa kueleza shilingi zilikokwenda. Leo, msomaji mpenzi, nakuomba tuipeleke mbele kidogo. Ikiwa mali bila daftari hupotea, kazi ya mtu je? Mtu aliyefanya kazi miaka kadhaa mahali ambapo dunia nzima ilipategemea, kisha jina lake lisiandikwe popote, huyo naye si amepotea bila habari?

Sisi watu wa Bukhayo tuna haki ya kuuliza swali hili kuliko wengi. Neno "boda boda", ambalo leo linatamkwa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, lilizaliwa huku kwetu mpakani. Katika miaka ya 1960 na 1970 vijana wenye baiskeli walikuwa wakiwabeba wasafiri na mizigo yao kati ya ofisi za forodha za Kenya na zile za Uganda, huku wakiwaita abiria kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Baadaye neno likapanda pikipiki na kuenea Afrika Mashariki nzima. Sasa mwulize mwanafunzi yeyote wa Busia, Matayos au Nambale akutajie jina la kijana mmoja tu kati ya wale wa kwanza. Atakutazama tu. Neno tumelihifadhi, lakini wenye neno tumewaacha njiani.

Kisa ninachotaka kuwasimulia Jumapili hii kinafanana na hicho, ingawa kilitokea mbali na hapa, na chombo chenyewe hakikuwa baiskeli. Kilikuwa chombo cha angani.

MALORI YA MALABA

Tuanze na jambo tunalolijua. Ukisimama Malaba siku yoyote utaona malori yamepanga foleni yakielekea Uganda, na mengine yakisubiri kwenda Rwanda, Sudan Kusini au Kongo. Makontena mengi ya mizigo inayopita nchini yamefungwa kwa muhuri wa elektroniki. Tangu mwaka 2017 mamlaka za ushuru za Kenya, Uganda na Rwanda zimekuwa na mfumo mmoja wa mihuri hiyo. Muhuri hupokea mawimbi kutoka kwa setilaiti na kujua ulipo, kisha hupeleka habari hiyo ofisini kwa njia ya mtandao wa simu. Dereva akiiacha barabara aliyopangiwa, au mtu akijaribu kuufungua muhuri gizani, walioko ofisini huona mara moja. Madereva na utingo wao wamekwisha kuzoea. Kwao setilaiti si jambo la ajabu tena.

Miaka zaidi ya 60 iliyopita mambo yalikuwa kinyume. Siku hizo hakukuwa na setilaiti za kufuatilia gari lililo ardhini. Ni watu wa ardhini waliokuwa wakikifuatilia chombo kilicho angani, wakiwa na antena, redio na saa ya ukutani. Na mojawapo ya vituo vya kwanza duniani vilivyojengwa ili kufuatilia safari za binadamu angani kilikuwa hapa Afrika Mashariki, katika kisiwa cha Unguja, mahali paitwapo Tunguu.

KWA NINI UNGUJA?

Shirika la anga la Marekani, NASA, liliundwa mwaka 1958. Mpango wake wa kwanza wa kumpeleka binadamu angani uliitwa Mercury. Shabaha ilikuwa kumweka mtu mmoja ndani ya chombo kidogo, azungushwe dunia, kisha arudishwe akiwa hai.

Chombo hicho kilikwenda kwa kasi ya kilomita 28,000 hivi kwa saa. Kilimaliza mzunguko mmoja wa dunia kwa muda wa dakika 88 au 89. Kilikuwa juu, lakini si juu sana: kati ya kilomita 160 na 260 hivi. Hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Mawimbi ya redio yaliyotumika yalikwenda moja kwa moja, hayakuweza kupenya ardhi wala kupinda na kuizunguka dunia. Kwa hivyo kituo kimoja kiliweza kukisikia chombo kwa dakika chache tu, tangu kinapochomoza upande mmoja wa upeo wa macho hadi kinapozama upande wa pili. Baada ya hapo, kimya.

Wanafunzi mnaopenda riadha mtaielewa dawa yake upesi. Ni mbio za kupokezana kijiti. Wamarekani walipanga vituo 18 kuizunguka dunia, viwili kati yake vikiwa ndani ya meli, moja katika Bahari ya Atlantiki na nyingine katika Bahari ya Hindi. Kampuni ya Western Electric ilipewa kandarasi kuu mwaka 1959, na mtandao ukawa tayari mwaka 1961. Chombo kikitoka Marekani kilivuka Atlantiki, kikapokewa na kituo cha Kisiwa cha Canary, kisha Kano kule Nigeria. Kano ilipokipoteza, Zanzibar ilikidaka. Zanzibar ilipokipoteza, meli iliyokuwa Bahari ya Hindi ilisubiri, na baadaye Muchea katika Australia Magharibi.

Zanzibar wakati huo ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza. Kwa hivyo mkataba wa kujenga kituo, uliofanywa Oktoba 1960, ulikuwa kati ya serikali ya Uingereza na ya Marekani. Shika jambo hilo akilini, maana tutalirudia.

Kazi ya Tunguu ilikuwa hasa kusikiliza. Antena zilipokea namna mbili za habari. Ya kwanza ni sauti ya mwanaanga mwenyewe. Ya pili ni takwimu ambazo chombo kilizituma bila mtu kusema neno: mapigo ya moyo wa mwanaanga, pumzi yake, joto lililokuwamo ndani, hali ya oksijeni na ya umeme. Kituoni palikuwa na ofisa wa kuzungumza na mwanaanga, na daktari wa kutazama afya yake. Kila kilichoonekana kilipigwa chapa kwenye teleprinta na kupelekwa Marekani, kwenye kituo cha Goddard katika jimbo la Maryland na kwa wakuu wa safari waliokuwa Cape Canaveral, Florida.

Mnamo Novemba 29, 1961 chombo cha Mercury kilimzungusha dunia mara mbili sokwe aliyeitwa Enos. Kisha ikaja siku yenyewe, Februari 20, 1962. John Glenn akawa Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia. Alizunguka mara tatu kwa muda uliokaribia saa tano. Alipofika eneo la Zanzibar katika mzunguko wa kwanza, alifanya zoezi la kuvuta kamba ya mpira iliyokuwa imefungwa ndani ya chombo, na daktari aliyekuwa kituoni akapima jinsi moyo wake ulivyoitikia. Muda mfupi baada ya kupita kisiwa hicho, Glenn aliliona jua likizama kwenye Bahari ya Hindi. Yalikuwa machweo yake ya kwanza akiwa angani.

Wengine walimfuata: Scott Carpenter Mei 1962, Walter Schirra Oktoba mwaka huo huo, na Gordon Cooper Mei 1963, ambaye alizunguka mara 22. Katika safari hizo zote Tunguu ilikuwa kazini.

UVUMI NA SIASA

Lakini si kila mtu kisiwani alifurahi. Miaka hiyo ilikuwa ya Vita Baridi. Marekani na Urusi zilikuwa zikitishana kwa makombora, na nchi changa zikiogopa kukanyagwa kama nyasi chini ya mafahali wawili. Chama cha ZNP kilipinga kituo hicho hadharani. Watu waliandamana. Palienea maneno kwamba pale Tunguu ni mahali pa makombora, na kwamba vita vikizuka kisiwa kitakuwa shabaha ya kwanza.

Kituo hakikuwa na kombora wala roketi. Kilikuwa na masikio tu. Hata hivyo tusiwacheke walioandamana. Mwananchi aliona uzio, akaona wageni, akasikia kwamba uamuzi umefanywa London na Washington bila yeye kuulizwa. Anayenyimwa habari hujitafutia yake mwenyewe. Nasi wa mpakani tunalijua hilo vizuri: jengo likianza kuchimbwa msingi bila wenyeji kuelezwa ni la nini, kufikia jioni patakuwa na maelezo saba sokoni, na hakuna hata moja la kweli.

Zanzibar ilipata uhuru Desemba 10, 1963. Mwezi mmoja baadaye, Januari 12, 1964, mapinduzi yakatokea. Kesho yake, Januari 13, manowari ya Marekani iitwayo Manley iliwachukua Wamarekani waliokuwa kisiwani, wakiwemo watu wa kituo na familia zao. Mwezi wa Aprili serikali ya Rais Abeid Amani Karume ilitaka kituo kiondolewe. Kikafungwa, na mitambo ikang'olewa. Aprili 26 Zanzibar na Tanganyika zikaungana.

Kazi ya kusikiliza ilihamia Madagascar, karibu na mji wa Antananarivo. Huko nako kituo kilidumu hadi 1975, serikali mpya ilipokifunga. Hivyo ndivyo vituo hivi vilivyoishi: vilipangwa kwa hesabu za anga, vikafungwa kwa hesabu za siasa.

WASIOANDIKWA

Sasa tufike kwenye daftari. Historia ya Tunguu kwa upande wa Marekani imeandikwa. Vipo vitabu rasmi vya NASA. Mazungumzo ya redio kati ya Glenn na vituo vyote, Zanzibar kikiwemo, yalichapishwa neno kwa neno mwaka ule ule wa 1962. Mtu akitaka kujua Glenn alisema nini akiwa juu ya kisiwa, atapata.

Lakini kituo hakiendeshwi na mafundi wa redio peke yao. Huko kwetu tunajua ofisi ya forodha ina wangapi ambao hawavai sare. Kuna anayelinda lango usiku. Kuna anayeendesha gari la kuwatoa mafundi mjini na kuwarudisha. Kuna mpishi, mfua nguo, fundi wa jenereta, karani wa stoo, kibarua anayekata majani yasizibe njia ya nyaya. Kuna mama anayeuza maandazi nje ya uzio na kuwajua wote kwa majina. Siku ya safari ya angani, jenereta ikizimika, daktari hana cha kupima. Gari likikwama matopeni, kiti cha ofisa kiko wazi. Kila mmoja wao alishika sehemu yake ya kijiti.

Hayo ndiyo mambo ambayo hayamo katika vitabu, na wenyewe tu ndio wangeweza kuyajibu. Siku ya kwanza kazini waliambiwa mahali hapa ni pa nini? Mshahara ulikuwa bora kuliko wa bandarini au wa shamba la karafuu? Mtu aliyefanya kazi ndani ya uzio, akirudi kijijini jioni, jirani zake walioandamana walimwambia nini? Je, aliona aibu, au fahari, au vyote viwili? Asubuhi ya mapinduzi alikwenda kazini? Mitambo ilipong'olewa alipata wapi kazi nyingine? Na maandamano yenyewe: aliyebeba bango alikuwa akiogopa nini hasa, na leo anaonaje?

Tukiacha upande mmoja tukaandika mwingine, tumeandika nusu ya habari. Aliyekuwa ndani na aliyekuwa nje wote ni mashahidi.

Tufanye hesabu ndogo. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1962 alizaliwa 1942. Leo amepita miaka 80. John Glenn mwenyewe, aliyekuwa wa mwisho kubaki hai kati ya wanaanga saba wa kwanza wa Marekani, alifariki Desemba 2016 akiwa na miaka 95. Maktaba ya namna hii haitungoji tumalize shughuli zetu.

WENZETU WALIFANYAJE

Australia ilikuwa na vituo kadhaa vya aina hii, na historia yao ina mafunzo mawili.

La kwanza ni la Carnarvon, mji mdogo wa Australia Magharibi unaojulikana kwa mashamba ya ndizi. Huko palijengwa kituo kilichofanya kazi katika safari za Gemini na Apollo, hadi kilipofungwa mwaka 1975. Mji ungeweza kusahau na kurudi kwenye ndizi zake. Badala yake wenyeji walikusanya vifaa na kumbukumbu, wakaanzisha jumba la makumbusho, na mwaka 2012 Buzz Aldrin, mtu wa pili kukanyaga mwezi, alikwenda kulifungua. Hebu jiulize: mji wa wakulima wa ndizi umeweza. Sisi tulio na ndizi, mihogo na miwa tunashindwa na nini?

La pili ni la Honeysuckle Creek, karibu na mji mkuu wa Canberra. Mwaka 2000 ilitoka filamu iitwayo "The Dish", ikaifanya dunia nzima iamini kwamba picha za Neil Armstrong akishuka mwezini, Julai 1969, zilitoka kwenye darubini ya redio ya Parkes. Ni filamu nzuri, na Parkes kweli ilifanya kazi kubwa. Lakini picha ya ile hatua ya kwanza kabisa iliyorushwa duniani ilitoka Honeysuckle Creek. Picha za Parkes zilianza kutumika dakika zipatazo tisa baadaye. Tunajuaje? Tunajua kwa sababu waliofanya kazi pale walihifadhi picha, kanda na kumbukumbu za zamu zao, na wakawa tayari kusema. Majengo ya kituo chao yalibomolewa, ukienda leo utakuta sakafu ya saruji kwenye nyasi. Lakini kazi yao ina shahidi. Bila daftari lao, filamu ingekuwa ndiyo historia.

Hapo ndipo penye hatari kwa Tunguu, na kwa boda boda wetu pia. Mahali palipoachwa wazi hapakai wazi. Mtu mwingine huja akapajaza kwa hadithi yake.

NGOMENI BADO KUNA NAFASI

Kwa upande wa Kenya tuna kisa chetu ambacho hakijachelewa. Karibu na Malindi, pwani ya Ngomeni, Waitaliano wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio walisimamisha majukwaa ya chuma baharini katika miaka ya 1960. Majukwaa hayo yaliitwa San Marco na Santa Rita. Kutoka hapo zilirushwa setilaiti tisa kati ya 1967 na 1988.

Moja yao kila mtoto wa Kenya anastahili kuijua. Ilirushwa Desemba 12, 1970, siku ya kuadhimisha miaka saba ya uhuru wetu, na kwa sababu hiyo ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miali ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Iligundua na kuorodhesha vyanzo zaidi ya 300 vya miali hiyo. Kiongozi wa utafiti huo, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2002 kwa kazi yake katika elimu hiyo. Neno letu limo katika vitabu vya fizikia vya ulimwengu mzima.

Roketi ya mwisho ya kupeleka setilaiti ilirushwa kutoka Ngomeni Machi 1988. Majukwaa yakanyamaza, ingawa kituo cha nchi kavu kimeendelea kuwasiliana na setilaiti. Kenya nayo iliunda Shirika la Anga mwaka 2017, na Aprili 2023 setilaiti yetu iitwayo Taifa-1 ikapelekwa angani. Tunapoipongeza Taifa-1 tuwakumbuke pia manahodha wa mashua, wapiga mbizi, wachomeleaji, wapishi na walinzi wa Ngomeni. Aliyekuwa kijana mwaka 1988 leo ni mtu wa makamo au mzee mwenye nguvu zake. Anakumbuka. Kinachokosekana ni wa kumwuliza.

KAZI YA WIKI HII

Huenda unasema: mimi niko Nairobi, Tunguu siijui, Ngomeni sijafika. Sikutumi huko. Nakutuma sebuleni kwako. Karibu kila jamaa ina mtu aliyefanya kazi mahali palipofungwa: karakana ya reli, kiwanda cha pamba, posta, ushirika, Shirika la Reli la Afrika Mashariki lililovunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977. Huyo ndiye Tunguu yako.

Namna ya kumwuliza ina maana sana. Mjomba wangu mmoja alibeba watu kwa baiskeli hapa Busia alipokuwa kijana. Nilipomwambia, "Mjomba, tusimulie historia ya boda boda," alijibu kwamba hakusoma, historia wakaulizwe walimu. Siku nyingine nilimwuliza tu tairi alikuwa akinunua upande gani wa mpaka. Aliongea hadi ugali ukapoa. Alinieleza bei za pande mbili, polisi gani walikuwa wakali, jinsi ya kufunga mto kwenye kiti cha nyuma ili akina mama wasiumie, na kwa nini wakati wa mvua alipendelea kubeba ndizi kuliko watu. Kwa hivyo usiulize historia. Uliza siku moja ya kazi: uliamka saa ngapi, ulivaa nini, ulikula wapi, nani alikuwa mkubwa wako, mlicheka nini.

Mwache aongee kwa lugha inayomtoka vizuri. Kama ni Kikhayo, iwe Kikhayo. Kama ni Kiteso, Kiteso. Tafsiri itafanywa baadaye. Simu ya mkononi inatosha kurekodi, lakini omba ruhusa kwanza, na mwanzoni kabisa taja jina lake, tarehe na mahali. Usiache sauti hiyo kwenye simu moja. Simu huibwa, huanguka chooni, huuzwa. Itie nakala mahali pa pili, kisha mwanafunzi aketi aiandike kwenye daftari. Hii ni kazi nzuri kwa watoto wa sekondari wakati wa likizo, na wengi watagundua kwamba babu ana mengi kuliko runinga.

Kuhusu picha, andika kwa penseli nyuma yake, pole pole: nani ni nani kuanzia kushoto, wapi, mwaka gani. Picha isiyo na majina, wenye kuwajua wakiisha kufa, huwa ni picha ya wageni. Barua ya kuajiriwa, hati ya mshahara, kitambulisho cha kazi, visitupwe na visifungwe ndani ya karatasi ya plastiki kwa mashine ya moto, maana joto na gundi huviharibu. Bahasha kavu ndani ya sanduku la bati, mbali na mchwa na mvua, inatosha kwa kuanzia.

Usiwasahau wanawake. Mara nyingi mke wa mfanyakazi ndiye anayekumbuka mshahara ulichelewa mwezi gani na kazi ilipokwisha watoto walikula nini.

Kisha usikalie ulichokipata. Nakala moja ipelekwe shuleni au kwenye maktaba ya kaunti. Nairobi ipo Idara ya Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue; Zanzibar ipo ya kwao huko Kilimani. Na Tunguu ya leo ndipo ilipo kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Vijana wanaosoma hapo wanakanyaga kila siku udongo wa kijiji kilichowahi kumsikiliza mtu aliye angani. Ningekuwa mhadhiri wao, ningewapa wiki mbili, kalamu na kinasa sauti, niwaambie waende kijijini wakabishe hodi kwa kila mwenye mvi.

Nasi wa Bukhayo tusingoje wahadhiri. Kabla ya Jumapili ijayo, mwulize mzee mmoja swali moja kuhusu siku moja ya kazi yake, uandike jibu na utie tarehe. Likiwa kwenye daftari, halitapotea bila habari.

Jumapili njema.